Mchezo usio na refa

Najua nimepotea. Kuna waliodhani nimezikwa na theluji, kuna waliodhani nimeoa kimyakimya. Hakuna lililotokea kati ya hayo. Ni mitihani ya katikati ya muhula tu, halafu na jambo jingine jipya ambalo limekula Jumamosi zangu zote tangu Septemba. Leo nalimwaga hapa, maana wengi mmeniuliza mbona wikiendi sipatikani kwenye simu.

Nacheza kisahani.

Ndiyo, kile kile cha plastiki ambacho watoto wanarushiana ufukweni na Wamarekani wanawarushia mbwa wao. Nilipomwambia kaka yangu kule Mwanza alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Yaani mdogo wangu, ada yote ile, umekwenda kurusha sahani?" Mama naye akaomba simu, akataka kujua kama sahani zenyewe ni za udongo. Sasa kaka, na ninyi wengine mnaocheka chini chini, habari hii ni yenu. Someni mpaka mwisho ndipo mcheke.

Mchezo wenyewe unaitwa Ultimate. Timu mbili, watu saba kila upande. Kwa vipimo vya shirikisho la dunia uwanja una urefu wa mita 100 na upana wa mita 37, yaani mwembamba kuliko ule wa mpira wa miguu. Kila mwisho wa uwanja kuna eneo la mita 18, na hilo ndilo goli. Hakuna nyavu, hakuna milingoti, hakuna golikipa. Mwenzako akikurushia kisahani ukakidaka ukiwa ndani ya eneo wanalolinda wapinzani, mmepata pointi moja. Kwa kawaida anayefika 15 kwanza ndiye mshindi.

Sasa utamu uko hapa: ukishakidaka huruhusiwi kukimbia nacho. Unasimama, mguu mmoja unabaki umeganda chini, na huo mwingine ndio unaoruhusiwa kusogeza, kama kwenye kikapu. Mlinzi anakuja mbele yako na kuanza kukuhesabia kwa sauti: moja, mbili, tatu... Akifika kumi hujakiachia, kisahani ni chao. Kikianguka, chao. Kikitoka nje, chao. Mpinzani akikidaka hewani, chao. Kwa hiyo mambo yanageuka kila mara. Sekunde hii unashambulia, sekunde ijayo unakimbia kurudi nyuma kama mtu aliyesahau jiko linawaka. Siku ya kwanza mapafu yangu yaliomba poo kabla hata hatujafika pointi ya tano.

Kisahani chenyewe kina gramu 175. Kukirusha kuna namna mbili kubwa. Ya kwanza unapitisha mkono mbele ya kifua kama mtu anayegawa karata. Ya pili unakirusha kutoka ubavuni, kama unavyorusha jiwe bapa lidunde juu ya maji ya ziwa. Hii ya pili ilinipa tabu wiki tatu nzima. Kisahani changu kilikuwa kinakwenda kumsalimia kila mtu uwanjani isipokuwa yule niliyemkusudia. Wale waliokulia Mwanza kama mimi, tukirusha mawe ziwani tangu tuko chekechea, mtaelewa aibu niliyoipata.

Haya, tuje kwenye historia kidogo, maana nimebahatika kusoma jimbo ambalo mchezo huu ulizaliwa. Kuna mji mdogo hapa New Jersey unaitwa Maplewood, na pale kuna shule ya sekondari inaitwa Columbia. Mwaka 1968 mwanafunzi mmoja wa shule hiyo, Joel Silver, alikwenda kambi ya kiangazi kule Massachusetts na huko akafundishwa kucheza kisahani kwa timu na kijana wa chuo aliyeitwa Jared Kass. Aliporudi shuleni akapendekeza kwenye baraza la wanafunzi kwamba mchezo huo uanzishwe. Alisema nusu kwa utani. Lakini mwaka 1969 baraza la wanafunzi likacheza kweli na watu wa gazeti la shule, na gazeti likashinda. Silver na wenzake wawili, Buzzy Hellring na Jon Hines, wakakaa wakaandika kanuni. Uwanja wao ulikuwa maegesho ya magari ya shule, usiku, chini ya taa. Ukifika pale leo usitegemee kukuta sanamu kama ile ya Askari pale Posta. Maegesho ni maegesho.

Kama jina la Joel Silver limekugonga kichwani, hujakosea. Ni huyo huyo aliyekuja kuwa prodyuza wa filamu za Die Hard na The Matrix.

Tarehe 6 Novemba 1972 vyuo viwili vya jimbo hili hili, Rutgers na Princeton, vikacheza mechi ya kwanza ya vyuo. Hiyo tarehe haikuokotwa tu barabarani. Ilikuwa miaka 103 kamili tangu vyuo hivyo hivyo vicheze ile inayohesabiwa kuwa mechi ya kwanza ya mpira wa Kimarekani wa vyuo, tarehe 6 Novemba 1869. Rutgers walishinda zote mbili. Ile ya kisahani ilikwisha 29 kwa 27.

Tangu hapo mchezo umesambaa. Shirikisho la dunia liliundwa mwaka 1985. Ultimate imekuwa na medali kwenye Michezo ya Dunia tangu ile ya Akita, Japani, mwaka 2001, na huko wanaume na wanawake wanacheza timu moja. Mwaka 2015 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ikalitambua rasmi shirikisho. Na msidhani ni mambo ya Wazungu peke yao. Leo wanarusha Nairobi, wanarusha Kampala, wanarusha hata Dar.

Sasa tufike kwenye jambo lililonifanya niandike. Vyote hivyo nilivyovitaja, mpaka ubingwa wa dunia, vinachezwa bila refa.

Ngoja nirudie, maana najua kuna mtu amepitisha macho tu. Hakuna refa. Hakuna filimbi, hakuna mshika kibendera, hakuna kadi ya njano wala nyekundu. Kwenye mashindano makubwa kuna washauri wanaokaa pembeni, ukiwauliza watakueleza walichokiona au kanuni inasemaje, lakini uamuzi hawatoi. Uamuzi ni wa wachezaji wenyewe, wale wale wanaohema na wenye hamu ya kushinda.

Jambo hili wanaliita Roho ya Mchezo, na si kauli mbiu ya kubandika ukutani. Limeandikwa kwenye kanuni tangu miaka ya 1970. Linasema hivi kwa maneno yangu: kila mchezaji ana jukumu la kusimamia haki. Tunaaminiana kwamba hakuna atakayevunja kanuni kwa makusudi. Kwa sababu hiyo hakuna adhabu kali. Kosa likitokea, kazi yetu ni kuurudisha mchezo pale ambapo ungekuwa kama lile kosa lisingetokea. Basi.

Mtu wa mpira wa miguu akisikia hivyo anacheka. Mimi pia nilicheka. Si mnatujua. Sisi tumekua tukiambiwa kwamba refa ndiye mwenye haki na sisi kazi yetu ni kumzidi akili. Ukiguswa kidogo, jiangushe. Mpira ukikugonga mkono na refa hajaona, songa mbele, usiangalie nyuma. Mwaka 1986 Maradona alifunga kwa mkono dhidi ya Uingereza kwenye Kombe la Dunia, dunia nzima imeona kwenye televisheni, na mpaka leo kuna watu wanalisimulia lile goli kwa tabasamu. Lawama kubwa walimtupia refa, Mtunisia Ali Bin Nasser, kwamba kwa nini hakuona. Ndivyo ilivyo: ukiweka refa, dhamiri ya mchezaji inaishia pale macho ya refa yanapoishia.

Lakini nikakaa nikawaza, nikagundua kwamba mchezo usio na refa kwangu si mgeni hata kidogo. Chandimu je? Pale Mabatini tulicheza chandimu kila jioni, mpira wa makaratasi na kamba, magoli ya mawe mawili, na hakuna mtu aliyewahi kuvaa filimbi shingoni. Tulikuwa tunaamua wenyewe. "Imeingia!" "Haijaingia, imepita juu ya jiwe!" Jiwe lina urefu wa kidole lakini mpira umepita juu yake, teh teh teh.

Na tuliamuaje? Semeni ukweli. Aliamua mwenye mpira. Ukibisha sana anaubeba mpira wake anakwenda kwao kula. Na siku mwenye mpira hayupo, anaamua yule mwenye kifua kikubwa kuliko wote. Mdogo, mgeni wa mtaa, mwenye kigugumizi, hao goli lao halikuwa goli hata liingie mara tatu. Ndiyo maana tulipokua tukampenda refa. Tulimtukana, lakini angalau alikuwa anatuokoa na mwenye mpira.

Kwa hiyo swali langu kwa Ultimate halikuwa "mnawezaje kucheza bila refa". Hilo nililijua. Swali langu lilikuwa: humu ndani mwenye mpira ni nani?

Nilipata jibu mwezi wa Oktoba, kwenye mashindano madogo ya vyuo vya jirani.

Nilikuwa nimekimbia kuelekea eneo la goli, kisahani kikaja juu, nikaruka. Jamaa aliyekuwa ananilinda akaruka naye. Mtu mrefu, mwaka wa nne, kifua kama mlango. Mkono wake ukapiga wangu, kisahani kikaanguka. Mwili wangu, kwa mafunzo ya Mabatini, ukageuka kumtafuta refa. Nikakuta miti na wachezaji wenzangu.

Nikasema "faulo". Kwenye Ultimate neno hilo analisema aliyefanyiwa, papo hapo, na mchezo unasimama. Jamaa akasema hakubali, akaanza kueleza. Jamani, alieleza! Kiingereza kinatoka kama maji ya bomba lililopasuka, na ndani yake mnatajwa vifungu vya kanuni. Watu wote kumi na wawili waliobaki wananitazama mimi. Mnajua ile hali ya Kiingereza kukukimbia wakati unakihitaji? Kiingereza changu kilipanda treni kikaenda New York.

Nikamwangalia kepteni wetu, dada mmoja mpole kutoka Ohio, nikitegemea atanisemea. Hakunisemea. Akaniuliza tu, taratibu: "Wewe uliona nini?"

Nikasema, kwa Kiingereza cha maneno manane: aligonga mkono wangu kwanza, kisahani baadaye. Jamaa akasema yeye aliona kisahani kwanza. Nikasema sawa, basi hatukubaliani. Na hapo ikaisha. Kisahani kikarudishwa kwa mwenzangu aliyekirusha, kila mtu akarudi pale alipokuwa, tukarudia. Sekunde ishirini hazikufika.

Nataka mlielewe hili vizuri, maana ndilo lenyewe. Kanuni hazikuuliza ni nani ana sauti kubwa. Hazikuuliza nani amecheza miaka minne na nani miezi miwili, nani ni mwenyeji na nani ana viza ya mwanafunzi. Angekubali faulo yangu, kisahani kingekuwa changu pale pale. Angenishawishi kwamba hakunigonga, kingekuwa chao. Hakufanya lolote kati ya hayo, kwa hiyo neno langu moja na maneno yake mia mbili yakapimwa kwenye mizani yakawa sawa, na kisahani kikarudi kilikotoka. Hakuna aliyeshinda ubishi. Mwenye mpira hakuwepo.

Tangu nifike nchi hii ile ilikuwa mara ya kwanza kusema "sikubaliani" mbele ya watu na dunia isibomoke. Kwenye kazi za vikundi darasani nilikuwa yule mtu wa kutikisa kichwa. Wanagawana sehemu, mimi napewa iliyobaki. Wiki ile baada ya mashindano, kwenye kikundi cha takwimu, mwenzetu mmoja alitaka tuondoe majibu ya watu fulani kwenye jedwali kwa sababu yanaharibu mchoro. Nikasema sikubaliani, nikaeleza kwa nini. Wakanisikiliza, tukarudi kwenye data za mwanzo. Sisemi kisahani ndicho kilichoniponya. Nasema kilinipa mazoezi.

Sasa nisije mkaniona nahubiri, niseme na upande wa pili. Kutoa taarifa ya kosa la mwenzako ni rahisi. Kazi ipo kwenye kujisema mwenyewe.

Kwenye mashindano yale yale tulifika mechi ya mwisho tukiwa 14 kwa 14. Pointi moja tu, anayeipata anakwenda nyumbani na kikombe. Wapinzani wakarusha mbali, jamaa yao akajirusha mzima mzima ndani ya eneo la goli, akainuka na kisahani mkononi. Timu yake ikaingia uwanjani kwa kelele. Sisi tukashika viuno. Mlinzi wetu alikuwa nyuma hatua tano, hakuona kitu. Hakuna yeyote upande wetu aliyesema neno.

Yule jamaa akatikisa kichwa. Akasema kwamba kilikuwa kimeshagusa nyasi kabla hajakishika.

Ukimya uliofuata sijawahi kuusikia kwenye uwanja wowote. Mwenzake mmoja akaipiga teke chupa ya maji ikaruka hadi kwenye miti. Halafu huyo huyo mpiga chupa akaenda akamshika mwenzake bega, akamwambia jambo, wakarudi kulinda. Kisahani kikawa chetu. Tukakianzia kwenye mstari wetu wa goli, tukakipeleka pasi kwa pasi, tukavuka katikati, tukaanza kunusa ushindi... tukakiangusha. Wakakiokota, wakarusha pasi nne, wakafunga. Wakabeba kikombe chao.

Kaka zangu, nimeshaona timu ikifungwa ikamkimbiza refa mpaka akajifungia kwenye gari la polisi. Siku ile tumefungwa na tunapiga makofi, si kwa adabu, kwa kutaka.

Baada ya kila mechi timu zote mbili zinatengeneza duara moja. Mmoja wetu, mmoja wao, mikono mabegani. Mnaambiana mliyopenda na yaliyowakera. Halafu kila timu inaijazia nyenzake fomu ya alama za Roho ya Mchezo. Mambo yanayoangaliwa ni matano: kujua kanuni na kuzitumia, faulo na kugusana, kutenda haki, kujitawala na kuwa na moyo mzuri, na namna mlivyozungumza. Kila moja ina alama 0 hadi 4, na 2 ndiyo ya kawaida. Mashindano mengi yana zawadi yake kwa timu inayoongoza alama hizo. Timu ile ya jamaa wa nyasi tuliijazia 4 kwenye kutenda haki bila mjadala.

Je, hakuna waongo? Wapo, wadau. Ni watu, si malaika. Kuna timu moja tulicheza nayo ambayo ilikuwa inadai faulo hata upepo ukiwagusa. Kuna watu wanaojua kanuni zote na wanazitumia kama rungu. Na mwenye mdomo mwepesi bado ana nafuu yake, kwa sababu mgeni mwoga anaweza kukubali faulo ambayo hakuifanya ili tu yaishe. Ndiyo maana la kwanza kwenye ile fomu ni kujua kanuni. Usipozijua, umeshajitia mikononi mwa anayezijua. Huku Marekani mechi kubwa za vyuo zinawekewa waangalizi wanaoweza kukata shauri wachezaji wakishindwa. Na ile ligi ya kulipwa iliyoanza msimu wake wa kwanza mwaka 2012, ambayo tangu 2024 inaitwa UFA, ina marefa kabisa. Lakini hata huko wameacha kipengele kizuri: refa akikupendelea kimakosa, mchezaji anaruhusiwa kuukataa uamuzi unaomfaidisha yeye mwenyewe.

Kwa hiyo ubishi wa refa au bila refa unaendelea hata miongoni mwao, na mimi sijaja kuumaliza. Ninachosema ni kidogo tu. Nilidhani haki uwanjani ni kutokuwepo ubishi, au kuwepo mkubwa wa kuukata. Kumbe kuna njia ya tatu: watu sawa wanabishana kwa sekunde ishirini, kila mmoja anasema alichoona, wasipokubaliana wanarudia. Haihitaji mkubwa. Inahitaji kila mmoja azijue kanuni na asiogope kusema, hata pale ukweli unapomuumiza.

Sasa ninyi wa Mlimani, wa Mzumbe, wa SAUT, nina ombi. Mchezo huu ni rahisi kuliko mnavyodhani. Mnahitaji kisahani kimoja, watu kumi na wanne, na uwanja wowote wenye nyasi au mchanga. Kuweka alama mnahitaji koni nane, na kama hamna koni, ndala nane zinatosha: nne kwenye pembe za uwanja, nne kuonyesha mistari ya goli. Changanyeni kaka na dada kwenye timu moja. Mkumbuke mambo machache: kugusana hakuruhusiwi, mstari wa pembeni ni nje, na ukiwa huna uhakika kama ulikuwa ndani au nje, muulize aliyekuwa na nafasi nzuri ya kuona, hata kama ni mpinzani. Hilo la mwisho jaribuni siku moja tu. Muulize mpinzani wako, "wewe uliona nini?", halafu ukubali anachosema. Utahisi kama umemkabidhi mtu pochi yako. Halafu utaona watu wanavyoirudisha.

Najua kuna atakayesema kwetu haiwezekani, watu watadanganya. Labda. Lakini mimi nawakumbuka watoto wa chandimu, na si wote walikuwa waongo. Wengi wetu tulijua kabisa kama imeingia au haijaingia. Kilichokosekana ni mtu wa kutuuliza.

Kwa leo naishia hapa. Jumatatu nina jaribio la takwimu, Jumamosi tuna mechi, na asubuhi umande umeanza kuganda kwenye nyasi, sijui vidole vyangu vitakidakaje. Mwenye swali aulize. Mwenye kubisha abishe. Na tusipokubaliana, mnajua tena: kisahani kinarudi kilikotoka, tunaanza upya.

Mbaki salama.